Nyumbu ni wengi, kwa nini tuseme Serengeti imo hatarini?

SWALI: Ninafundisha baiolojia katika shule ya sekondari mjini Mugumu, mkoani Mara. Wanafunzi wangu wamenibana kwa swali hili: ikiwa nyumbu wa Serengeti wanahesabiwa kuwa zaidi ya milioni moja, kwa nini wataalamu husema kwamba bioanuwai ya hapa, yaani wingi wa aina za viumbe, inatishiwa? Na je, spishi moja ikipungua, nyingine haiwezi kushika nafasi yake?

JIBU: Ndugu mwalimu, wanafunzi wako wameuliza swali la msingi kabisa. Idadi ya wanyama ni matokeo ya mahusiano mengi baina ya udongo, mvua, moto, mimea, magonjwa na wanyama wenyewe, na mahusiano hayo ndiyo tunayoyaita mfumo ikolojia. Mahusiano yanaweza kuanza kukatika huku idadi ikiwa bado inaridhisha, na kwa maoni yangu hapo ndipo hatari ya Serengeti ilipo leo.

Uthibitisho mzuri unapatikana katika historia ya nyumbu hao hao. Mwishoni mwa miaka ya 1880 ugonjwa wa sotoka uliingia Pembe ya Afrika pamoja na ng'ombe walioletwa kutoka ng'ambo, ukashuka hadi nchi ya Wamaasai na kuua ng'ombe, nyati na nyumbu kwa wingi usiosemeka. Kwa miongo iliyofuata uliendelea kuua ndama wa nyumbu kila mwaka, na hesabu ya mwaka 1961 ilikuta nyumbu wapatao 250,000 tu. Chanjo ya ng'ombe wa vijiji vya jirani ndiyo iliyobadili mambo: virusi vilipokosa ng'ombe wa kuishi ndani yake, vilitoweka pia kwa wanyamapori mwanzoni mwa miaka ya 1960 bila nyumbu hata mmoja kuchomwa sindano. Kufikia mwaka 1977 nyumbu walikuwa wamefika takriban milioni 1.3.

Yaliyofuata hayakutarajiwa na wengi. Nyumbu walipoongezeka walikula nyasi ambazo zamani zilibaki zikikauka na kuwaka moto kila kiangazi. Moto ulipopungua, miche ya miti, ambayo hapo awali iliungua kabla ya kurefuka, ikapata nafasi ya kukua, na misitu ya migunga ikapanuka katika sehemu nyingi za hifadhi. Kwa hiyo chanjo ya ng'ombe kijijini ilibadili idadi ya miti mbugani. Ukiwaeleza wanafunzi mfano huu mmoja, watakuwa wameelewa namna mfumo ikolojia unavyofanya kazi kuliko kwa kuchora minyororo ya chakula ubaoni.

Sasa tutazame kwa nini nyumbu huhama, kwa sababu hapo ndipo jibu la swali la pili lilipo. Uwanda wa kusini, kuelekea Ndutu, umefunikwa na majivu ya volkano za nyanda za juu za Ngorongoro. Nyasi zake ni fupi lakini zina kalisi na fosforasi nyingi, madini ambayo jike anayenyonyesha hawezi kuyakosa. Ndama wengi huzaliwa huko ndani ya majuma matatu hivi, kwa kawaida mwezi wa Februari, na wingi huo wa ghafla huwashinda fisi na simba, ambao hawawezi kula zaidi ya shibe yao. Hata hivyo uwanda huo hukauka mapema, na nyumbu hulazimika kufuata mvua kuelekea kaskazini, ambako mvua ya mwaka ni kama maradufu ya ile ya kusini, hadi Mto Mara, mto pekee wa mfumo huu unaotiririka mwaka mzima.

Katika kuuvuka mto huo nyumbu wengi huzama. Watafiti waliokusanya kumbukumbu za mwaka 2001 hadi 2015 walikadiria kwamba wastani wa nyumbu 6,250 hufa majini kila mwaka, sawa na zaidi ya tani 1,100 za nyama na mifupa. Anayeitazama mizoga hiyo huona hasara, lakini mto huiona kuwa chakula. Tai, korongo na mamba hupata sehemu yao, nyama huoza ndani ya majuma machache na kuachia naitrojeni majini, na samaki hula kwa wingi. Mifupa hubaki chini kwa takriban miaka 7 ikitoa fosforasi kidogo kidogo, na juu yake huota utando laini wa vijidudu na mwani ambao samaki huendelea kuula hata nyumbu wakiwa wamekwisha kurudi kusini.

Je, topi au kongoni wangeweza kufanya kazi hiyo? Wao pia hula nyasi, na ni kweli kwamba katika mifumo mingi spishi zinazofanana huzibiana mapengo. Lakini hawahami kwa wingi huo wala kwa umbali huo, kwa hiyo hawawezi kuzuia moto wa uwanda mzima au kupeleka virutubisho mtoni. Kuna spishi ambazo pengo lake huzibika na kuna ambazo halizibiki, na mara nyingi hatujui ni ipi mpaka imepungua. Kwangu mimi hiyo ni sababu tosha ya kulinda spishi zote, hata mbawakawa wanaofukia kinyesi ardhini.

Kuhusu vitisho, wanafunzi wasidhani kwamba ujangili ndio wote, ingawa mitego ya nyaya inaendelea kuua. Kitisho kikubwa zaidi ni kufungwa kwa njia ambazo nyumbu hupitia wanapohama. Upande wa Kenya kulikuwa na kundi jingine la nyumbu, lililokuwa likizalia uwanda wa Loita na kuingia Maasai Mara wakati wa kiangazi. Uwanda huo ulipolimwa ngano kwa matrekta, kundi lilishuka kutoka nyumbu wapatao 119,000 mwaka 1977 hadi wapatao 22,000 mwaka 1997. Hifadhi yenyewe ilibaki na mipaka yake, na spishi ni ile ile; kilichopotea ni mahali pa kuzalia na njia ya kufikia hapo. Mto Mara nao huanzia nje ya hifadhi, katika nyanda za juu za Mau nchini Kenya, ambako misitu imekatwa na maji yanatolewa kwa kilimo. Mto huo ukikauka katika kiangazi kikali, hakuna hatua inayochukuliwa ndani ya Serengeti itakayoweza kuwanywesha nyumbu.

Vitisho pia huungana. Mwaka 1994 takriban theluthi moja ya simba wa Serengeti walikufa kutokana na virusi vya distempa, vinavyohusishwa na mbwa wa vijijini. Virusi hivyo vilikuwa vimewahi kupita kwa simba bila kuleta maafa. Tofauti ya mara hii ilikuwa ukame uliotangulia: nyati walidhoofika na kujaa kupe, simba wakawala kwa wingi na kupata vimelea vya damu vinavyoenezwa na kupe, na virusi viliposhusha kinga ya mwili, vimelea vikamaliza kazi. Mabadiliko ya tabianchi yakizidisha ukame mkali, miungano ya aina hii itakuwa ya kawaida. Mimea vamizi, mfano gugu karoti, nayo inahitaji kung'olewa mapema, kabla haijachanua, kwa kuvaa glovu kwa sababu huwasha ngozi.

Kwa shule iliyo Mugumu, ningependekeza wanafunzi waanze na mambo wanayoweza kuyaona. Waandike tarehe ambazo nyumbu hufika na kuondoka karibu na mpaka wa hifadhi, na njia zilizozibwa kwa uzio au mashamba mapya. Wahesabu mbwa wa kijiji na waliokwisha chanjwa, kwa sababu chanjo ya kichaa cha mbwa na distempa hulinda watoto wa kijijini na mbwa mwitu wa porini kwa wakati mmoja. Takwimu hizo zikipelekwa kwa maofisa wa wanyamapori na wa mifugo wa wilaya, zitatumika.