Hija ya Santiago kwa njia ya pwani: usidanganyike na siku za kwanza

Jioni ya siku ya tatu nilikuwa nimelala chali Viana do Castelo, kaskazini mwa Ureno, mguu wa kushoto nimeuegemeza juu ya begi, machozi yananitoka. Nilikuwa nimetembea kilomita 80 hivi kati ya 280. Sikuwa nimeteleza wala kuanguka. Njia yenyewe haikuwa mbaya. Ilikuwa nzuri na rahisi kupita kiasi, na urahisi huo ndio ulioniumiza. Nataka nikwambie hili kabla hujanunua hata soksi.

Njia ninayoizungumzia inaanzia Porto, inafuata ufuko wa Atlantiki, inavuka mto Minho kuingia Galicia nchini Hispania, kisha inaiacha bahari na kukata mashambani hadi Santiago de Compostela, mahali ambapo Wakristo kwa karne nyingi wameamini kuwa ndipo alipozikwa Mtume Yakobo, mwana wa Zebedayo. Wareno huiita Caminho da Costa, yaani njia ya pwani.

Mimi nilikuwa na nadhiri. Mwanangu alipolazwa hospitali, nilimwambia Mungu kwamba mtoto akitoka salama nitakwenda kwa miguu. Alitoka salama. Kwa hiyo pale Viana, nikitazama ratiba ya basi kwenye simu, kilichonitoa machozi si maumivu. Nilijiona nimeshindwa kulipa deni.

Basi sikiliza ilivyokuwa. Unatoka Kanisa Kuu la Porto, unateremka hadi mto Douro, unaufuata mpaka unapomwagika baharini. Ukishapita Matosinhos unakutana na kikanisa cheupe cha Boa Nova juu ya miamba na mnara wa taa wa Leça. Kuanzia hapo, kwa kilomita nyingi, unatembea juu ya njia ya mbao iliyojengwa kupita kwenye vilima vya mchanga, bahari ikiwa mkono wa kushoto. Mimi mtoto wa Mombasa. Nikiona maji, miguu hupata nguvu isiyokuwepo. Hakuna kilima, hakuna tope, kila hatua ni sawa na iliyotangulia. Siku hiyo ya kwanza nilikwenda hadi Vila do Conde, zaidi ya kilomita 30, na nikalala nikijiona shujaa.

Nilichokuwa sijui ni kwamba mbao na mawe ya barabara havina huruma kama udongo. Mguu unakanyaga kitu kigumu, kwa pembe ileile, maelfu ya mara, na kano ileile ndiyo inayofanya kazi tangu asubuhi hadi jioni. Kilimani mwili hubadilisha mzigo kutoka msuli huu hadi ule. Kwenye tambarare hakuna pumziko hilo. Halafu kuna upepo. Wakati wa kiangazi, hasa mchana, huvuma upepo kutoka kaskazini wanaouita nortada, na wewe unakwenda kaskazini, kwa hiyo unaupokea usoni. Sisi tungesema ni kaskazi, ila kaskazi yetu ina joto na hii ni baridi. Inakupoza vizuri mpaka unasahau kwamba jua lipo. Shavu langu la kushoto liliungua kuliko la kulia, maana jua la alasiri na mng'ao wa bahari viko upande huo. Ngozi nyeusi nayo huungua, wapendwa. Paka mafuta ya kinga, vaa kofia yenye ukingo mpana, na unywe maji hata kama husikii kiu.

Siku ya pili nikapita Apúlia na vinu vyake vya upepo vya zamani, nikafika Esposende nikiwa nachechemea. Siku ya tatu nikajikaza. Kosa.

Mama mmoja mtu mzima aliyekuwa akihudumu kwenye nyumba ya mahujaji aliniona nikishuka ngazi kinyumenyume. Akanikalisha, akaniambia niukunje na kuunyoosha mguu, huku amebonyeza muundi wangu kwa kidole gumba, juu kidogo ya kifundo. Chini ya kidole chake nilihisi kitu kikikwaruza, kama mchanga mkavu ndani ya ngozi. Akatikisa kichwa. Akavichukua viatu vyangu, akanionyesha nilivyokuwa nimekaza kamba pale juu kabisa, zikaibana kano siku nzima. Akazifungua, akazirudishia akiruka tundu mbili za juu. Kireno changu kilikuwa cha kuombea maji tu, lakini neno alilolirudia nililielewa: devagar, devagar. Polepole. Bibi yangu angesema mwenda pole hajikwai.

Nikapumzika siku mbili, barafu mara nne kwa siku, nikilitazama dirishani daraja la chuma la mwaka 1878 lililojengwa na kampuni ya Eiffel. Kisha nikaanza upya kwa kilomita 12 tu. Sikuumia tena hadi mwisho.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: siku tatu za kwanza, simama wakati bado unajisikia unaweza kuendelea. Kilomita 15 zinatosha. Ukianzia Kanisa Kuu la Porto, lala Matosinhos. Kesho yake lala Labruge. Kesho kutwa Póvoa de Varzim. Utapitwa na watu wengi. Waache wapite, baadhi yao utawakuta Viana.

Kinachokukimbiza kingine ni vitanda. Nyumba za mahujaji za serikali, albergue kwa lugha zao, hazipokei oda. Anayefika kwanza ndiye anayelala. Ni za bei nafuu sana, euro 10 hivi, na nimezipenda. Lakini ndizo zinazofanya watu waamke saa kumi usiku na kwenda mbio kama wanafukuzwa. Siku ambazo mguu unalalamika, lipa zaidi kidogo, weka nafasi kwenye nyumba binafsi, utembee ukiwa na amani.

Kuhusu mzigo sitasema mengi: usizidi sehemu ya kumi ya uzito wako. Nguo mbili, moja mwilini moja begini, koti la mvua kwa sababu Galicia hunyesha hata ikiwa kiangazi, na ndala za jioni. Viatu viwe vikubwa kwa namba moja, kwani miguu huvimba. Ukisikia joto sehemu moja ya unyayo, simama hapohapo, vua, kausha, bandika plasta. Lengelenge linazuiwa dakika hiyo, si jioni. Wenye pasipoti za Afrika Mashariki, viza moja ya Schengen inatosha nchi zote mbili.

Baada ya Viana njia inabadilika, na hapa ndipo mwendo wa pole unapokulipa. Unaingia vichochoro vya kuta za mawe, misitu ya mikaratusi, mashamba ya mahindi na mizabibu. Nilipokuwa naenda mbio sikusoma hata kibao kimoja. Sasa nikaanza kuona maneno ya nyumbani: mesa, vinho, bandeira, lenço. Meza, mvinyo, bendera, leso. Halafu igreja, kanisa, neno lililotuachia sisi "gereza". Nililiwaza hilo kilomita nzima, mimi niliyekulia karibu na Ngome ya Yesu, ngome ya Wareno iliyowahi kuwa gereza.

Caminha utavuka Minho kwa boti ndogo. Ulizia tangu jana yake, maana hali ya maji ikiwa mbaya haziendi. Na ukishuka upande wa pili peleka saa mbele kwa saa moja. Kutoka A Guarda hadi Oia, ambako monasteri ya zamani imesimama ikitazamana na bahari, kwangu ndicho kipande kizuri kuliko vyote.

Huko Galicia utaona maghala ya nafaka ya mawe, hórreo, yamenyanyuliwa juu ya nguzo. Chungulia chini: kati ya nguzo na ghala kuna jiwe pana bapa, limetokeza pande zote. Panya akipanda nguzo anaishia hapo, hawezi kulizunguka. Nilikaa chini ya moja nikala mkate na jibini, nikawaza madungu ya shamba kwetu.

Redondela njia ya pwani inakutana na ile ya bara, na watu wanakuwa wengi ghafla. Kuna kilomita zipatazo 80 zimebaki. Kumbuka kwamba kupata cheti, Compostela, unatakiwa uwe umetembea angalau kilomita 100 na kugonga mihuri miwili kila siku kwenye kitabu chako cha hija, kwa hiyo anayeanzia Redondela hapati. Caldas de Reis kuna chemchemi ya maji moto. Usipite bila kutumbukiza miguu. Padrón, ndani ya kanisa la Mtakatifu Yakobo, chini ya altare, kuna jiwe ambalo mapokeo yanasema ndilo lililofungiwa mashua iliyoleta mwili wa Mtume.

Kutoka Padrón hadi Santiago ni kilomita 25. Wengi huzimaliza kwa siku moja. Mimi nilizigawa mbili, nikalala Teo, nikaingia uwanja wa kanisa kuu asubuhi mapema kabla haujajaa. Nikavua viatu, nikakaa juu ya mawe ya uwanja nusu saa. Kisha nikaingia ndani, nikashuka ngazi nyembamba chini ya altare kuu hadi mbele ya sanduku la fedha, nikasema nilichokuja kusema na jina la mwanangu. Nyuma yangu kulikuwa na foleni. Nikapanda kwa ngazi za upande wa pili.