Niliacha kubana pumzi bwawani nikiwa na miaka 63

Siku niliyozimia majini sikujua kama nimezimia. Tulikuwa kwenye zoezi la kupunguza pumzi: mita 50 unavuta hewa kila baada ya mapigo matano ya mikono, 50 nyingine saba, kisha tisa. Nilikuwa nameza dawa za presha, na njia ya pembeni waliogelea vijana ambao sikutaka wanione nikigeuza kichwa mapema. Mtu mzima na wajukuu! Nakumbuka mstari mweusi wa sakafu ya bwawa, kisha namkumbuka mwenzangu akiniita huku amenishika kidevu. Hapo katikati hamna kitu. Sikuhisi kukosa hewa, sikusikia kizunguzungu, wala hofu.

Wengi tunaamini mwili utatuambia oksijeni ikipungua. Hautuambii. Kinachotusukuma kuvuta pumzi, kwa sehemu kubwa, ni kabonidayoksaidi inayoongezeka kwenye damu. Mimi kabla ya kuanza nilivuta pumzi nyingi za haraka ukutani, nikidhani najaza akiba ya oksijeni. Akiba haikuongezeka kwa kiasi cha maana. Nilichofanya ni kuitoa ile kabonidayoksaidi, yaani nilizima kengele. Oksijeni ikashuka kimyakimya mpaka ubongo ukajifunga. Kina hakikuwa na uhusiano na jambo hilo, maana pale ningeweza kusimama.

Zoezi lenyewe lilienezwa na kocha Mmarekani James Counsilman katika miaka ya 1970. Huyo hakuwa mtu wa mzaha: alimfundisha Mark Spitz, bingwa wa Olimpiki wa kuogelea, na mwaka 1979 yeye mwenyewe alivuka Mlango-Bahari wa Uingereza kwa kuogelea akiwa na miaka 58. Wazo lilikuwa kuuzoesha mwili upungufu wa oksijeni kama wa milimani. Watafiti waliopima baadaye walikuta kinachobadilika zaidi ni kupanda kwa kabonidayoksaidi, ndiyo maana wengine hutoka bwawani na kichwa kinauma. Kwa hiyo faida niliyokuwa naifukuza sikuwa naipata hata kidogo.

Umri unaongeza mambo yake. Kifua hukakamaa, na pumzi moja haibebi ilichobeba zamani. Ukizamisha uso na kubana pumzi, moyo hupunguza mwendo, mishipa ya mikono na miguu hubana, presha hupanda. Moyo mzima huvumilia. Moyo wenye hitilafu ya mapigo, au ulio chini ya dawa za kuupunguza kasi, ni habari nyingine, na maji baridi huzidisha. Daktari wangu alijua naogelea. Hakujua nabana pumzi kwa sababu sikumwambia. Mwambie wako kwa maneno hayo hayo, “nabana pumzi majini,” maana “naogelea” haitoshi.

Siku hizi nazoeza kutoa pumzi badala ya kuizuia. Uso ukiingia majini naanza kupuliza puani polepole, mfululizo, ili nikigeuka nibaki na kazi moja tu ya kuvuta. Navuta kila mapigo matatu, na nikichoka kila mawili, bila kuona haya. Nilishangaa: ile hali ya kuhema niliyoiita udhaifu wa mapafu ilitokana na hewa iliyotumika ambayo sikuwa naitoa. Wiki tatu hivi zilitosha kuniondolea.

Kikohozi kinachokuja ghafla ukiogelea, kifua kikabana au makohozi yakatoka na povu, hasa la rangi ya waridi, hicho si maji uliyomeza. Mapafu yanaweza kuwa yanajaa majimaji, na wenye umri na presha tuko hatarini zaidi. Toka majini, kaa wima, itwe huduma ya dharura.

Mwenzangu yule aliyeniokoa bado anapenda kuvuka bwawa chini ya maji. Nimemkataza, hasikii. Basi nimemwekea masharti: hapumui haraka haraka kabla, harudii mara ya pili siku hiyo, na mimi siogelei wakati huo. Nakaa ukingoni, miguu majini, macho kwake tu, kwa sababu aliyezimia chini ya maji hapigi kelele wala hatapitapi, na mwokoaji aliye mbali anaweza kudhani bado anajifurahisha. Jumamosi iliyopita aliibuka katikati ya bwawa akanilaumu kwamba namkodolea macho.