Royal Ascot: mashindano ninayoyakata kabla ya kuchagua farasi

Mwaka wa kwanza nilipokwenda Royal Ascot, wiki maarufu ya mbio za farasi huko Uingereza, nilibeti kila shindano la siku ile. Nilikuwa na pauni 100, koti la kuazima lililonibana kwapani, na gazeti nililolichora kalamu nyekundu tangu kwenye treni. Kufika shindano la tano pesa ilikuwa imekwisha. La sita, lile nililolisoma vizuri kuliko yote, nikalitazama mikono ikiwa mfukoni. Farasi wangu akashinda. Wangu kwa maneno tu, maana hata senti sikumwekea.

Tangu siku hiyo naanza kwa kukata mashindano, farasi baadaye. Wiki ya kifalme pale Ascot ni siku tano, Jumanne hadi Jumamosi katikati ya Juni, mashindano saba kila siku, jumla 35. Nikibeti manane kwa wiki nzima najiona nimebeti mengi. Yaliyobaki nayatazama kama mtu anavyotazama mechi ya timu zisizomhusu: kwa raha, bila jasho.

Wa kwanza kukatwa ni farasi wa miaka miwili. Najua wanavutia, kila mwaka kuna mmoja anayesemwa kuwa ni moto wa kuotea mbali. Lakini wengi wao wamekimbia mara moja au mbili tu maishani, na mtoto wa farasi uliyemwona Mei si yule utakayemkuta Juni. Mwaka 2020 Nando Parrado alishinda Coventry Stakes kwa odi ya 150/1, yaani pauni moja inaleta faida ya pauni 150. Mwaka 2023 Valiant Force akashinda Norfolk Stakes, naye kwa 150/1. Mashindano yote mawili ni ya miaka miwili, na hao wawili ndio wenye odi kubwa kuliko mshindi yeyote katika historia ya wiki ile. Kama soko zima la wanaobeti linakosea kiasi hicho, mimi na gazeti langu tutajua nini? Kuna watu waliwahi kunufaika na farasi wa Wesley Ward, mkufunzi wa Marekani aliyeanza kushinda hapa mwaka 2009 akiwa na watoto wenye kasi ya ajabu mita 1,000. Siku hizi kila mtu anamjua, na odi zake zimepungua ipasavyo.

Wa pili kukatwa ni wale ambao kila mtu ana uhakika nao. Mwaka 2012 Frankel alikuwa 1/10 katika Queen Anne Stakes, maana yake unaweka pauni 10 upate faida ya pauni moja. Akashinda kwa urefu wa farasi 11. Jumamosi ya wiki hiyohiyo akaja Black Caviar kutoka Australia, hajawahi kushindwa katika mashindano 21, odi 1/6. Karibu na mstari joki wake (aliyempanda), Luke Nolen, akaacha kumsukuma, akidhani kazi imekwisha, na Moonlight Cloud akaja kwa kasi. Black Caviar alishinda kwa kichwa tu. Waliomwekea walilipwa, ndiyo, lakini fikiria mtu aliyeweka pauni 600 ili apate 100, halafu anasubiri picha ya mstari wa mwisho itoe jibu. Hapo ninunue tiketi ya kutazama, basi.

Tukifika kwenye yaliyobaki, kabla ya farasi kuna hesabu. Mliozoea mikeka ya mpira mnajua odi za desimali. Kwenye farasi Uingereza bado wanaandika kwa sehemu: 5/2 maana yake ukiweka 2 faida ni 5, ambayo ni 3.50 ya mkeka wako. Gawanya 1 kwa hiyo desimali unapata nafasi ambayo soko linampa farasi. Chukua shindano la farasi watano: 6/4, 5/2, 4/1, 6/1 na 10/1. Hesabu inatoa karibu asilimia 40, 29, 20, 14 na 9. Jumlisha, unapata 112. Ile 12 ya ziada ndiyo mshahara wa mchukua dau. Kwa hiyo swali la "nani atashinda?" halitoshi. Kwa jumla kipenzi cha soko, yaani mwenye odi ndogo kuliko wote, hushinda takriban shindano moja katika matatu, na bado anayemwekea kila mara hupoteza, kwa sababu bei yake imeshakatwa. Mimi huandika asilimia yangu pembeni ya jina kabla sijatazama odi. Nikimpa farasi nafasi ya asilimia 20 na soko linanipa 8/1, hapo tunazungumza. Akiwa 3/1, hata nikimpenda vipi, namwacha aende.

Sasa hendikapu kubwa, ambazo ndizo zilizonifundisha kwa fimbo. Hendikapu ni shindano ambalo aliye bora hubebeshwa uzito zaidi ili, kwa nadharia, wote wafike mstarini pamoja. Royal Hunt Cup ya Jumatano ni maili moja ya mstari ulionyooka, na wanaweza kuwa farasi 30. Vizimba, vile vyumba vidogo farasi wanamoanzia, vya namba ndogo viko upande wa mbali na jukwaa, namba kubwa upande wa jukwaa. Milango ikifunguka, kundi mara nyingi hugawanyika mawili, moja huku na jingine kule, na katikati panabaki nyasi tupu.

Mwaka mmoja nilikuwa na farasi kizimba namba 27. Nilimsoma wiki nzima: umri miaka minne, amekimbia mara chache, kila mara akiongeza, na nilidhani wapanga uzito hawajamshtukia. Mita 400 za mwisho alikuwa peke yake mbele yetu. Nikapiga kelele hadi mzee mmoja mwenye kofia ndefu akageuka kunitazama. Kumbe ng'ambo ya pili, mahali ambapo kutoka nilipokuwa huwezi kupima vizuri nani yuko mbele, farasi watano walikuwa wameshatangulia. Wangu alikuwa wa sita. Alishinda upande wake, na hakuna dirisha linalolipa mshindi wa upande.

Watu watakuambia "namba kubwa ni nzuri Ascot" au kinyume chake. Usishike hilo kama amri. Mvua, umwagiliaji na kwato za jana hubadilisha nyasi, na upande uliokuwa dhahabu Jumanne unaweza kuwa tope Ijumaa. Ninachotafuta ni wakimbiaji wa mbele: wale wanaopenda kuongoza wamepangwa vizimba gani? Kundi lenye mtu wa kulivuta kwa kasi ndilo huwa linafika. Ndiyo maana Jumanne siweki pesa mapema. Queen Anne, Coventry na King Charles III Stakes hufungua siku, na yote matatu hukimbiwa kwenye mstari ulionyooka. Natazama washindi wanatokea upande gani, naandika, na Jumatano asubuhi ndipo narudi kwenye orodha ya Hunt Cup.

Kwenye hendikapu hizo napenda dau la kugawa: nusu ashinde, nusu aingie nafasi za juu. Kawaida, hendikapu ikiwa na farasi 16 au zaidi, nafasi nne hulipwa kwa robo ya odi. Pauni 10 kwa farasi wa 20/1 ni 5 ashinde na 5 aingie. Akiwa wa tatu, ile 5 ya kwanza imeliwa, ya pili inalipwa 5/1, unarudishiwa pauni 30. Wiki ya Ascot kampuni nyingi huongeza nafasi hadi tano, sita au zaidi ili kuvutia wateja. Soma maandishi madogo: wakati mwingine nafasi zinaongezeka huku robo ikigeuka moja ya tano.

Uwanja wenyewe unapanda, jambo ambalo kwenye televisheni halionekani. Mzunguko ni kama pembetatu, farasi wanageukia kulia, sehemu ya chini kabisa inaitwa Swinley Bottom, na kutoka hapo ni mlima hadi nyumbani. Mstari wa mwisho wa mzunguko ni mfupi, kama mita 500, kwa hiyo anayependa kukaa nyuma kabisa anaweza kukosa mlango wa kupita. Farasi aliyeshinda uwanja wa Chester, ambako mzunguko mzima ni zaidi kidogo ya maili moja na ni tambarare, hanishawishi sana hapa. Nipe aliyemaliza akiwa bado ana pumzi kwenye uwanja mgumu, hata kama alikuwa wa tatu. Herufi C pembeni ya jina, yaani alishawahi kushinda uwanja huu, naihesabu kuliko sifa za magazeti. Khaadem alishinda shindano la mita 1,200 la Jumamosi mwaka 2023 kwa 80/1, watu wakasema bahati. Mwaka 2024 akarudi, akalishinda tena.

Kurudi huko kunaonekana zaidi kwenye Gold Cup ya Alhamisi, takriban kilomita nne. Yeats alilichukua mara nne mfululizo, 2006 hadi 2009. Stradivarius mara tatu, 2018 hadi 2020. Kyprios 2022 na tena 2024. Farasi wenye mapafu ya umbali ule na daraja la juu ni wachache, kwa hiyo aliyethibitisha huwa halazimiki kupambana na wapya wengi. Ni shindano pekee la wiki ambalo namwekea bingwa wa zamani bila kuona haya, ilimradi bei isiwe ya kunitukana.

Hali ya nyasi hutangazwa asubuhi na huweza kubadilishwa mvua ikinyesha. Farasi wa nyasi kavu akiwekwa kwenye nyasi zilizolowa, mara nyingi ni kama umemvalisha viatu vya mtu mwingine. Ila nako nimeshaumbuka: mwaka 2020 nyasi zilikuwa laini, nikamkata Stradivarius, naye akashinda kwa urefu wa farasi 10. Siku hizi nauliza kwanza kama farasi amewahi kushindwa kwenye nyasi laini, au hajawahi tu kupewa nafasi. Ni vitu viwili tofauti.

Ukiwa pale uwanjani, nenda kwenye ua wa maonyesho, farasi wanakozungushwa kabla ya kukimbia, kabla hujaweka pesa. Mimi si daktari wa mifugo, naangalia machache. Povu jeupe katikati ya miguu ya nyuma, kichwa kinachorushwa huku na huku, wahudumu wawili wanaomng'ang'ania mmoja: huyo anakimbia mbio zake pale pale. Anayetembea kwa hatua ndefu, masikio mbele, manyoya yanang'aa, huyo simwongezei dau, lakini namwondolea wasiwasi.

Na kiasi? Naweka bajeti ya wiki nzima kwenye bahasha Jumatatu, nagawa kwa idadi ya mashindano niliyobakiza, na kadi ya benki inabaki nyumbani. Ukiifuata pesa iliyopotea kwa dau mara mbili, siku ya Alhamisi utakuwa unakopa nauli.

Sasa aibu yangu ya mwisho. Juni 2023 nilimchukua shemeji yangu, mara yake ya kwanza. Shindano la King George V, hendikapu ya farasi wa miaka mitatu. Akaniuliza, "Shemeji, huyu wa mfalme ni namba ngapi?" Nikamweleza kwa upole kwamba farasi wa mfalme hupunguzwa odi na wageni wenye mapenzi, kwamba hapo hakuna thamani, kwamba mimi shindano hilo nimelikata. Akanisikiliza hadi mwisho, akaenda dirishani na pauni mbili zake. Desert Hero akashinda kwa 18/1, mfalme na malkia wakashangilia, na shemeji akarudi na pauni 38.

Kila Juni ananitumia ujumbe uleule: "Wa mfalme ni namba ngapi?" Namtumia namba tu.