Rilei ya feni inayoungua kila mara
Kaka, umesema rilei ya feni ya injini (swichi ya umeme inayowasha feni) imekuungulia mara 3 kwa mwaka; hiyo si bahati mbaya. Kabla hujarudi Kisekka, soko la vipuri Kampala, kununua ya nne, chomoa betri, injini ikiwa imepoa, uzungushe feni kwa mkono. Ikikwaruza au ikiwa nzito, mota imechoka na inavuta umeme mwingi. Rilei yangu nilipoifungua, platini za ndani (vidude vinavyogusana kupitisha umeme) zilikuwa nyeusi, zimeshikana. Cheche kubwa hutoka feni inapozimwa, kwa hiyo funga dayodi (kifaa kinachopitisha umeme upande mmoja tu) inayohimili ampea za mota, sambamba na mota, upande wenye mstari ukae kwenye waya chanya. Ukiigeuza, fyuzi imekwenda. Soketi ya rilei ikiwa imeyeyuka nayo itoe, usiikaze kwa koleo kama alivyonifanyia fundi mmoja. Baada ya hapo injini ilinichemkia kwenye foleni ya Jinja Road.