Doa jeusi kisiginoni mwa mgonjwa wa sukari: usilikwangue, dai kipimo cha nyama

Weka chini huo wembe, na hiyo dawa ya kulainisha sugu itupe. Umeandika kwamba mama yako ana sukari mwaka wa 12 sasa, kisiginoni kumetoka doa jeusi lililoanza kupasuka, halimuumi, unataka ulikwangue wikendi hii, halafu unauliza sabuni na viatu vinavyomfaa. Nilipofika kwenye "halimuumi" mikono ilinitetemeka. Mama yangu aliniambia hivyo hivyo: "Mbona haliumi, mwanangu."

Haliumi kwa sababu mguu umekufa ganzi. Sukari ikikaa juu miaka mingi huharibu mishipa ya fahamu, mtu akakanyaga msumari na kushinda nao kutwa bila habari. Kwa mguu wa namna hiyo, kutouma hakukuambii chochote.

Mimi pia nilidhani ni sugu. Nililoweka mguu, nikakwangua, nikapaka dawa yenye asidi ya salisiliki, kama hiyo uliyonunua. Asidi ile haichagui, inakula sugu pamoja na nyama yenye afya. Siku ya tano pakawa na kidonda cha ukubwa wa kifungo cha shati. Bado tungeweza kuokoa jambo. Kilichotumaliza ni miezi minane iliyofuata.

Miezi minane nampeleka kufungwa kidonda, mara tatu kwa wiki, na jibu ni moja tu. Hakifungi? Sukari. Kinatoa majimaji? Sukari. Nikambana mama kwenye chakula, vidonge nikampa kwa saa, HbA1c, kile kipimo cha wastani wa sukari ya damu kwa miezi kama mitatu, ikashuka kutoka asilimia 10.4 hadi 6.9. Sukari ikatulia, kidonda kikazidi kutanuka, na bado wakasema ni sukari! Pembeni mwake palikuwa na ukingo mweusi usio sawasawa, umesambaa ndani ya ngozi kama wino kwenye karatasi iliyolowa. Aliyekuwa akimhudumia aliuita nyama iliyokufa, akaukata kwa mkasi. Wiki mbili baadaye ukarudi, mpana zaidi. Jamani, nyama iliyokufa huota tena? Yeye ndiye mwenye taaluma, mimi ni mtoto wa mgonjwa tu, lakini swali hilo lilipaswa kuulizwa siku ile. Sijamsamehe.

Daktari wa ngozi tuliyempata mwishoni hakukaa hata dakika tano. Alitazama ukingo, akapapasa kinena, akakuta mtoki mgumu usiouma. Akakata kipande kidogo cha nyama, kikaenda maabara: melanoma, saratani ya ngozi. Watu husikia melanoma wakawaza jua na Wazungu. Hii ya nyayoni na chini ya kucha haitokani na jua, na kwetu watu weusi ndiyo inayoongoza kati ya melanoma zote. Bob Marley ilimwanzia chini ya ukucha wa kidole cha mguu, ikadhaniwa ni jeraha la mpira. Alifariki 1981 akiwa na miaka 36. Melanoma nyingine hata weusi haina, ni nyekundu tu kama kidonda chochote.

Mama tulimzika mwaka uliofuata.

Vidonda vingi vya miguu kwa wagonjwa wa sukari ni vya sukari kweli, sikatai. Ndiyo maana kidonda kinapimwa kwa rula kila wiki na kuandikwa. Kikitunzwa vizuri wiki 4 na hakijapungua hata nusu, usikubali kubadilishiwa bendeji tu: dai kikatwe kipande kidogo cha nyama kikapimwe, baada ya kuangalia kama damu inafika mguuni vizuri. Doa la mama yako lisingoje hata hizo wiki 4, kwa kuwa weusi ulitangulia kidonda. Na ukiona mguu umekuwa wa baridi, unanuka, au ana homa, hiyo ni hospitali usiku huu huu.

Kwa sasa lipige picha, rula ikiwa kando. Osha kwa maji safi, kausha, funika kwa bendeji kavu, asikanyagie kisigino. Kesho asubuhi mpeleke, useme wazi: "Naomba kikatwe kipande kidogo cha nyama kipelekwe maabara." Wakikujibu ni sukari tu, waulize wamejuaje kabla ya kupima.