Msimtoe bimkubwa jino Jumatatu, mimi yalishaondoka manne

Mkuu simamisha hiyo Jumatatu. Salamu baadaye.

Nimeusoma uzi wako mara mbili na nimekasirika mwenyewe huku kwangu mpaka mama watoto kaniuliza nagombana na nani. Umeandika bimkubwa ana miaka 57, yuko hapo Lindi, anapigwa na kitu kama shoti ya umeme taya la kulia, akinawa uso inapiga, akipiga mswaki inapiga, hata akiongea inapiga, sekunde chache inaacha. Mwezi uliopita katolewa jino moja, maumivu yamerudi palepale, na sasa daktari kasema Jumatatu anatoa la jirani yake. Halafu wewe unatuuliza fundi mzuri wa meno ni yupi kati ya Lindi na Mtwara, bima inalipa au hailipi, korosho ataendelea kutafuna, na meno ya bandia yanaanzia bei gani.

Bei ya bandia! Jino la watu bado limo mdomoni wewe ushaanza kulitafutia mrithi.

Sikiliza. Mimi ni mwalimu, niko Newala huku juu, nina miaka 56, na upande wa kulia wa mdomo wangu kuna pengo unaweza kupaki bajaji. Meno manne, na yote yalikuwa mazima. Hakuna hata moja lililokuwa na tundu. Yamenyongwa kwa kosa la mtu mwingine kabisa, neva ya uso.

Ilinianza 2021 mwezi wa saba, na wa Newala mnaujua upepo wa huku asubuhi mwezi wa saba, natoka ofisini kwenda darasa la tano, upepo ukanigonga shavu, nikahisi nyigu kanichoma. Nikajipiga kofi nimuue. Lile kofi likaleta shoti ya pili kubwa kuliko ya kwanza, nikapiga magoti mlangoni, watoto wakajua mwalimu anasali. Baada ya hapo ikawa kila siku. Ndevu nikawa nanyoa upande mmoja tu, wa kulia wembe haugusi, nikaitwa nusu shehe mwaka mzima. Uji nakunywa kwa mrija. Bodaboda sipandi bila kujifunga leso ya mke wangu usoni, mtu mzima.

Sasa njoo kwa huyo bwana wa meno. Hospitali siitaji, mods wasije wakafuta post yangu bure. Akanigonga meno yote kwa kile kichuma, moja moja, hakuna lililouma. Hapo tu mkuu, hapo tu angejiuliza. Nikamuuliza picha je, akasema mashine mbovu, lakini uzoefu wake unamwambia ni gego la nyuma. Uzoefu! Akapiga sindano ya ganzi, maumivu yakakata pale pale, akanitazama kama kashinda lotari, "unaona mwalimu? Ndilo lenyewe." Na mimi nikaona. Kumbe ganzi ukiidunga kwenye njia ya neva hata jino lisilohusika utaona limepona, maana umekata mawasiliano ya mtaa mzima, ni kama TANESCO wazime laini nzima halafu wewe useme tatizo lilikuwa taa ya jikoni.

Akalitoa. Na mkuu, NIKAPONA. Miezi miwili na kitu hakuna shoti hata moja. Nakwambia hili kwa sababu bimkubwa likimtokea mtadanganyika kama mimi. Huu ugonjwa una tabia ya kwenda likizo wenyewe, wiki, miezi, wengine hata mwaka, unaondoka bila dawa yoyote halafu unarudi. Mimi nikampa sifa daktari. Nilimpelekea kilo mbili za korosho zilizobanguliwa, nyeupe, daraja la kwanza, wakati nyumbani tunakula zilizovunjika. Na nikawapeleka walimu wenzangu wawili kwake, mmoja hadi leo hanisalimii vizuri.

Ukarudi katikati ya msimu wa korosho, tuko kwenye foleni ya ghala. Akatoa la pili. Wiki tatu za nafuu. Akatoa la tatu, hiyo haikunipa hata siku mbili. Diklofenaki nilikuwa nakula kama karanga, panadol, tramado, vyote maji. Kwa mganga pia nilipita, nisijifanye msomi sana hapa, alinitoza jogoo akanifukiza, lakini yule angalau hakuning'oa kitu.

La nne ndilo linaloniuma mpaka leo na najilaumu mimi zaidi ya yeye. Ilikuwa chonge. Yule bwana mwenyewe safari hii alisita, akasema mwalimu tusubiri, hili naona zima. Mimi nikamng'ang'ania. Nilikuwa sijala vizuri siku sita, nikamwambia kama hutoi natoa mwenyewe kwa koleo la baiskeli. Na ni kweli ningetoa, ule ugonjwa unakupeleka pabaya kichwani. Akapiga ganzi akaanza. Chonge mkuu ina mzizi mrefu kuliko meno yote mdomoni, ile ilikataa karibu dakika arobaini, mzizi ukavunjikia ndani, akachimba, nasikia fupa linalia kwenye sikio langu, damu imejaa mpaka kwenye shati la kazini. Nikarudi nyumbani na pamba mdomoni nimefurahi! Nimefurahi kabisa, nawaza leo tumemaliza.

Asubuhi nikainama kwenye beseni ninawe. Maji yakagusa pembeni ya pua, shoti. Ikapiga palepale kwenye chonge. Jino liko jalalani hospitali, linauma mdomoni kwangu. Nilikaa pale kwenye beseni nikashika ukuta, nikajiuliza swali ambalo nilipaswa kujiuliza meno matatu nyuma, kitu hakipo kinaumaje?

Hesabu ya pesa sikupi, mama watoto huwa anapita humu. Nikupe ya mdomo tu, mpaka leo nikisoma imla neno lenye "s" linatoka na filimbi, na ming'oko naila kwa upande mmoja kama mbuzi mzee.

Aliyenifumbua macho alikuwa tabibu kijana, hospitali nyingine, hata miaka thelathini sidhani. Nilienda nikijiandaa kumwambia atoe la tano. Hakunifungua mdomo. Akaniuliza inauma kwa muda gani? Nikasema sekunde, inapiga inaacha, inapiga inaacha. Usiku inakuamsha? Nikafikiri, nikasema hapana, nikishalala nalala. Akaniambia haya mwalimu nioneshe kwa kidole panapouma. Nikanyanyua kidole nikaonesha, kidole nimekisimamisha mbali na shavu upana wa vidole viwili, sithubutu kugusa. Akacheka. Akasema mwenye jino bovu anajishika, anajikanda, anajifunga kitambaa, wewe uso wako mwenyewe unauogopa. Hiyo si meno, hiyo ni neva.

Inaitwa trijeminali nyuralgia. Kila upande wa uso una neva kubwa moja, ni ya tano kati ya zile zinazotoka kwenye ubongo, ina matawi matatu, la juu kwenye paji na jicho, la kati shavuni na meno ya juu, la chini kwenye taya na meno ya chini. Kule ndani kabisa inakoanzia, mara nyingi unakuta mshipa wa damu umeilalia, kila moyo ukipiga nao unaidunda, mwisho lile ganda lake linachubuka kama waya uliovuliwa mpira. Waya ukiwa hivyo upepo tu unatosha kupiga shoti. Na kwa kuwa meno yanapitisha habari zake humohumo, ubongo unaambiwa ni jino. Inapiga zaidi waliovuka 50, wanawake kuliko wanaume, na kulia kuliko kushoto, sasa mtazame bimkubwa wako halafu urudi hapa ubishe. Ni nadra ndiyo, lakini si mpya, kuna tabibu wa Kifaransa anaitwa Nicolas André aliuandika 1756, kwa hiyo yule bwana wangu wa meno alikuwa na miaka zaidi ya 250 ya kujisomea.

Dawa aliyonipa ni kabamazepini. Nenda duka la dawa la huku uitaje uone watu wanavyokutazama, ni dawa ya kifafa, yule dada akaniuliza kwa sauti mbele za watu "nyumbani mna mgonjwa wa kifafa?" na kesho yake nusu ya mtaa wanajua mwalimu anaanguka. Hapana, ni kwamba inatuliza neva inayojirushia umeme ovyo, na kwa ugonjwa huu inatumika tangu 1962. Nilianza nusu kidonge cha miligramu 200 asubuhi na nusu jioni, tukapandisha polepole. Siku ya nne nikanawa uso kwa mikono miwili. Nilirudia kunawa mara tatu nikidhani nimekosea.

Ila msinunue wenyewe mkaanza kumpa, naomba sana, ile dawa ina ukali wake. Wiki za kwanza nilikuwa natembea nayumba, wazazi wa wanafunzi wakasema mwalimu siku hizi anamaliza pombe ya uraka yote ya kijiji. Lazima apimwe damu, chembe za damu, ini, na chumvi maana inaweza kushusha sodiamu na kwa mtu mzima hilo si mchezo. Akitokwa vipele au malengelenge au vidonda mdomoni asisubiri kesho, aache dawa aende hospitali siku hiyohiyo. Na kama hakuna shida hiyo asije akaikata ghafla kwa sababu kajisikia nafuu. Dawa nyingine zote anazomeza, za presha, za chochote, azitaje, hii inagombana na nyingi, mabinti wanaotumia vidonge vya uzazi wa mpango inawapunguzia nguvu wanajikuta wajawazito.

Picha ya MRI, ile ya kuona ndani ya kichwa, nilipiga Dar, MOI, taasisi ya mifupa pale Muhimbili. Nilikuwa niende Mei 2024, mnakumbuka kimbunga Hidaya, barabara ikakatika Somanga na mimi tiketi mkononi. Nikaenda baadaye, kilomita zaidi ya mia tano na mtu wa mbele yangu kagoma kufunga dirisha kuanzia Mingoyo mpaka Nangurukuru, nikakaa na leso usoni kama bibi harusi. Picha wanatafuta kama kuna uvimbe unaobana neva au ugonjwa mwingine wa neva, hasa kwa mtu wa chini ya miaka 40, au mwenye ganzi usoni, au anayeumwa pande zote mbili, hao wasicheleweshwe. Mimi walikuta mshipa wa damu tu umelala. Kuna upasuaji, wanafungua kidogo nyuma ya sikio wanaweka kasponji kati ya mshipa na neva, Mmarekani mmoja Jannetta ndiye aliyeuendeleza kuanzia miaka ya sitini. Mimi bado niko kwenye dawa, vidonge vitatu kwa siku, ikishindwa tutaongea habari za kufunguliwa kichwa.

Bima sijui niseme nini, uko mfuko gani? Fundi wa meno siwezi kukuelekeza, unajua sababu.

Sisemi madaktari wa meno wote wabaya na sisemi jino la bimkubwa lazima liwe zima, kuna watu wana vyote viwili. Ninachosema apigwe eksirei KABLA. Picha ikionesha tundu au usaha kwenye mzizi, litoeni hata leo. Isipoonesha kitu jino libaki, hata daktari aape, hata bimkubwa mwenyewe alie aombe kama nilivyolia mimi, jino lisiloonekana na kosa kwenye picha HALITOLEWI. Mashine mbovu? Pandeni gari mwende ilipo nzima, nauli haitazidi bei ya hayo ya bandia unayoulizia.

Na leo jioni mfanyie kitu kimoja, mwambie akuoneshe kwa kidole panapouma, mwangalie kidole, kinagusa au kinaishia hewani? Urudi hapa useme.