Maswali ya Wasomaji: Ni Mzinga Gani Huu, na Unakokotwa na Gari Gani?

Katika jarida la mwezi uliopita tuliwaomba wasomaji watutumie picha za silaha za zamani ambazo hawajazitambua. Nyingi ya zilizotufikia ni za mizinga ya kutungulia ndege ya wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, pamoja na magari yaliyoikokota. Tumechagua barua nne, na ya kwanza tumeipa nafasi kubwa kwa sababu picha iliyoambatana nayo ina mengi ya kufundisha.

SWALI: *Marehemu babu yangu alipelekwa Mashariki ya Kati pamoja na vikosi vya kazi vya askari wa Afrika Mashariki. Alituachia picha moja iliyopigwa Libya. Yeye na wenzake wamesimama kando ya mzinga mrefu uliopandishwa juu ya magurudumu, na mbele ya mzinga huo kuna gari lenye matairi mbele na minyororo nyuma. Mjomba anasema huo ni mzinga wa milimita 88 wa Wajerumani. Je, ni kweli? Na kama ni kweli, ni wa toleo lipi? Msomaji, Tanga.*

JIBU: Mjomba wako amepatia, ndugu msomaji. Katika picha yako zinaonekana silinda mbili, moja juu ya mtutu na nyingine chini yake. Hizo ndizo zilizopokea nguvu ya mzinga uliporudi nyuma baada ya kufyatuliwa na kuurejesha mahali pake. Ukiziunganisha na mtutu mwembamba wa karibu mita 5 na miguu miwili ya pembeni iliyokunjwa kuelekea juu kwa ajili ya safari, huna sababu ya kushuku kwamba ni mzinga mwingine.

Swali la toleo ndilo linalotaka utulivu. Yalikuwako matoleo matatu yanayofanana sana, nayo ni Flak 18, Flak 36 na Flak 37 (Flak ni kifupi cha Kijerumani cha mzinga wa kutungulia ndege). Mzinga huu ulisanifiwa na wahandisi wa Krupp, ambao baadhi yao walifanya kazi Sweden katika kampuni ya Bofors, kwa kuwa Mkataba wa Versailles, uliotiwa saini baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, ulikuwa umeibana Ujerumani katika utengenezaji wa silaha. Ulipoingia jeshini mwaka 1933 ulipewa namba 18 ili uonekane kuwa ni silaha ya mwaka 1918, yaani ya kabla ya mkataba huo. Kwa hiyo asikuambie mtu kwamba mzinga wako ulitumika katika Vita vya Kwanza kwa sababu tu ya namba hiyo.

Watu wengi huanza kwa kuutazama mtutu, nasi tunaona kwamba hapo ndipo wanapopotea. Ni kweli kwamba mtutu wa Flak 18 ulitengenezwa kwa kipande kimoja, na kwamba Flak 36 ililetwa na mtutu wa vipande vinavyoachana, ili sehemu iliyolika kwa joto na msuguano ibadilishwe bila kuutupa mtutu mzima. Lakini mitutu hiyo iliweza kubadilishana. Fundi wa jeshi aliyeko jangwani, mwenye mzinga uliochakaa na mtutu mzima wa toleo jingine karibu naye, aliufunga huo huo akaendelea na kazi. Ukiutaja mzinga kwa mtutu wake peke yake, huenda unalitaja toleo la mtutu tu.

Tazama chini. Picha ya babu yako imepigwa kwa ubavu, na bahati nzuri vumbi halikuyaficha magurudumu. Ekseli ya mbele ina tairi moja kila upande, ilhali ile ya nyuma ina tairi pacha. Mpangilio huo ni wa tela lililoitwa Sonderanhänger 201, ambalo lilikwenda na Flak 18. Flak 36 ilipewa tela namba 202, ambalo ekseli zake zote mbili zilifanana na zote zilikuwa na tairi pacha, jambo lililowapunguzia askari kazi ya kuuandaa mzinga kwa safari. Alama ya pili ni kitako cha mzinga, yaani lile sanduku la chuma la katikati ambalo miguu yote minne huungana nalo: kwa Flak 18 lina pembe nane, na kwa Flak 36 lilirahisishwa likawa la pembe nne. Katika picha yako kona iliyokatwa inaonekana vizuri nyuma ya goti la askari wa pili kutoka kushoto. Alama hizo mbili zikikubaliana, tunaridhika kwamba kitako na tela ni vya Flak 18.

Flak 37 ni ngumu zaidi kuitambua katika picha, kwa maana tofauti yake kubwa imo katika vyombo vya kupokea vipimo. Upande wa kulia wa mzinga walikaa askari wawili, mmoja akiinua na kushusha mtutu, mwingine akiuzungusha, na kila mmoja alikuwa na kisanduku cha duara mbele yake. Katika Flak 18 na 36 kisanduku hicho kilikuwa na miduara ya taa ndogo zilizowashwa kutoka kwenye chombo cha kukokotolea mahali ndege ilipo, na askari alizungusha gurudumu la mkono hadi mshale wake ukaifunika taa iliyowaka. Katika Flak 37 taa ziliondolewa, na badala yake askari alifuatisha mshale mmoja kwa mwingine kama mishale ya saa. Kwa hiyo usiiite picha kuwa ya Flak 37 mpaka uso wa visanduku hivyo uonekane.

Yako pia mambo mawili yanayowachanganya wengi, ingawa hayasaidii kutambua toleo. Ngao ya chuma mbele ya mzinga iliwekwa kwa ajili ya mapigano ya ardhini dhidi ya vifaru, na unaweza kuikuta kwenye Flak 18 kama kwenye Flak 36. Nayo mistari myeupe inayouzunguka mtutu ni hesabu ya shabaha zilizoangamizwa, iliyopakwa na wapiga mzinga wenyewe. Mistari ya picha yako ihesabiwe na ihifadhiwe, kwani ni sehemu ya historia ya mzinga huo mmoja.

Kuhusu gari, hilo ni Sd.Kfz. 7 (Sd.Kfz. ni kifupi cha Kijerumani cha gari la kazi maalumu), lililosanifiwa na Krauss-Maffei ya Munich. Litambue kwa safu zake za viti zilizo wazi, ya dereva na mbili nyuma yake, kisha sehemu ya mizigo mwishoni, na kwa magurudumu makubwa ya ndani ya minyororo yanayopishana kama magamba ya samaki. Injini yake ilikuwa Maybach ya silinda sita yenye nguvu ya farasi 140. Matairi ya mbele hayakusukumwa na injini, yalikuwa ya kuelekeza tu, na dereva alipokata kona kali usukani wenyewe ulifunga breki ya mnyororo wa upande mmoja ili gari ligeuke. Tunakuomba, ndugu yetu, uigeuze picha hiyo na kunakili maandishi yote yaliyo nyuma yake kabla wino haujafifia, hasa jina la mahali na jina la kikosi. Wajerumani waliutwaa Tobruk, mji wa bandari wa Libya, mwezi Juni 1942 na Waingereza wakaurudisha mwezi Novemba mwaka huohuo, kwa hiyo hata tarehe isiyo kamili itasaidia kueleza ni lini askari wa upande wa Waingereza wangeweza kusimama hapo.

SWALI: *Ninaunda kielelezo kidogo cha plastiki cha mzinga wa 88 na nimeshauriwa nitumie gari la Sd.Kfz. 10 kwa kuwa namba yake ni kubwa kuliko 7, hivyo lina nguvu zaidi. Je, ni sawa? Msomaji, Nairobi.*

JIBU: Si sawa. Namba hizo hazifuati ukubwa hata kidogo. Magari hayo yalipangwa kwa uzito ambao kila moja lilikusudiwa kukokota: Sd.Kfz. 10 ni la tani 1, Sd.Kfz. 11 ni la tani 3, Sd.Kfz. 6 la tani 5, Sd.Kfz. 7 la tani 8, Sd.Kfz. 8 la tani 12, na Sd.Kfz. 9 la tani 18. Mzinga wa 88 ukiwa juu ya tela lake ulizidi tani 7, basi mwenzake wa kawaida ni Sd.Kfz. 7. Lile dogo la tani 1 mpe mzinga wa kutungulia ndege wa milimita 20, na kielelezo chako kitakuwa sahihi. Kumbuka pia kwamba magari ya Sd.Kfz. 7 ya mwishoni mwa vita yalipewa bodi ya mbao kama ya lori badala ya safu za viti, kwa hiyo usichanganye bodi hiyo na mzinga unaouonyesha katika mapigano ya Libya.

SWALI: *Mimi ni mwalimu wa historia. Wanafunzi wangu walipozuru Fort Jesus waliuona mzinga wa Kijerumani na wakabishana kama ulikuwa wa kutungulia ndege. Niwajibu nini? Mwalimu, Mombasa.*

JIBU: Waambie, Mwalimu, kwamba huo ulikuwa mzinga wa meli. Ni mmojawapo wa mizinga kumi ya milimita 105 ya manowari Königsberg, ambayo iliangamizwa katika delta ya mto Rufiji tarehe 11 Julai 1915 baada ya kushambuliwa na meli za Kiingereza Severn na Mersey. Wajerumani waliiopoa mizinga hiyo, wakaipeleka Dar es Salaam, wakaitafutia njia ya kutumika nchi kavu na kuitumia katika kampeni ya Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani la Afrika Mashariki. Jirani yake hapo Fort Jesus ni mzinga wa Pegasus, meli ya Kiingereza iliyozamishwa na Königsberg hiyohiyo mbele ya Unguja mwezi Septemba 1914.

Wanafunzi wanaweza kupata jibu kwa macho yao wenyewe wakiuliza maswali mawili. Je, mtutu unaweza kuinuliwa ukakaribia kusimama wima? Na je, mzinga unaweza kuzunguka duara zima bila kuhamishwa? Ule wa 88 ulifika nyuzi 85 na kuzunguka pande zote, kwa sababu ndege haichagui upande wa kutokea. Mzinga wa Königsberg ulikusudiwa kupiga meli nyingine baharini. Na wakikuuliza ulikokotwa na gari gani, waambie ukweli kwamba katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki kazi hiyo ilifanywa na Waafrika kwa mamia, kwa kamba, katika matope na vichaka, na kwamba majina ya wengi wao hayakuandikwa popote.

SWALI: *Nasoma Uingereza. Katika maonyesho ya magari ya kijeshi niliona mzinga wa Bofors ukiwa umefungwa nyuma ya lori kubwa la AEC Matador. Mzee mmoja aliyekuwapo alisema kwamba lori hilo silo. Nani ana haki? Msomaji, Leeds.*

JIBU: Mzee ana haki. Matador lilikuwa lori la magurudumu manne yote yenye kusukumwa, lenye injini ya dizeli ya nguvu ya farasi 95, na kazi yake ilikuwa kukokota mizinga mizito. Kwa upande wa kutungulia ndege, mwenzake alikuwa mzinga wa inchi 3.7, yaani milimita 94, ambao ulianza kutumika mwaka 1938 na ambao kwa toleo lake la kuhamishika ulikuwa na uzito wa zaidi ya tani 9. Bofors ya milimita 40 ilikuwa nyepesi mno kupewa gari la namna hiyo.

Magari ya Bofors katika jeshi la Uingereza yalikuwa hasa mawili. La kwanza ni Morris-Commercial CDSW, lenye boneti ndefu mbele na magurudumu sita. La pili ni Bedford QLB, ambalo kichwa chake ni bapa kama cha Matador, na nadhani hapo ndipo mwenye maonyesho alipochanganya. Yatofautishe kwa ukubwa: Bedford ni fupi, lina injini ya petroli ya farasi 72, na bodi yake imegawanywa kuwa viti vya askari na masanduku ya risasi. Usilichanganye pia na Morris C8, lile lenye mgongo ulioinama kama wa kobe, kwani hilo lilikuwa la mzinga wa uwanjani wa ratili 25, ulioitwa hivyo kwa uzito wa kombora lake.

Kabla hujaandika jina la mzinga wenyewe, hakikisha ni Bofors ya umri gani. Ile ya wakati wa vita huitwa L/60. Ina springi nene inayouzingira mtutu karibu na shina lake, mdomo wa mtutu umepanuka kama faneli ili kuficha mwako, na risasi hulishwa kwa juu zikiwa nne nne katika kishikio kimoja. Iliweza kufyatua takriban risasi 120 kwa dakika. L/70 ilikuja baada ya vita. Mtutu wake ni mrefu zaidi, risasi zake zina ganda refu zaidi ambalo haliingii katika L/60, na kasi yake ilikuwa mara mbili. Ukiikuta L/70 nyuma ya gari la mwaka 1942, ujue kwamba vitu hivyo viwili havikuwahi kukutana wakati wa vita hivyo.

Hata hivyo, usiwe mwepesi wa kulikataa kila gari lisilo la kawaida. Vitani gari lililotekwa halikuachwa lioze. Magari ya kamandi ya Kiingereza aina ya AEC Dorchester, yaliyojengwa juu ya chasisi ya Matador, yalitekwa Libya mwaka 1941, na Rommel mwenyewe, jenerali wa Wajerumani, akatumia moja. Picha yenye kikosi, mahali na tarehe inaweza kukubalika hata ikiwa gari na mzinga havilingani. Kitu kilichofungwa pamoja katika uwanja wa maonyesho hakina uthibitisho huo, kwa hiyo tafuta bamba la kiwanda kwenye chasisi na mwaka uliogongwa kwenye chuma cha nyuma ya mtutu, uandike vyote viwili, kisha utuletee.